Senti Kumi ya Mfalme: Mwenye Kitu Halipi Ili Auze

Simu iliingia Jumatatu asubuhi. "Kijana wangu, nataka mniachilie pesa zangu. Laki nne na nusu. Mumezishikilia tangu Ijumaa na mimi nina mtoto anayetakiwa shule."

Mhudumu wetu aliangalia akaunti. Hakukuwa na laki nne na nusu, wala elfu moja. Kulikuwa na shilingi 63. Alichoona ni pesa zikitoka: 1,550 siku ya Jumatano, 4,800 siku ya Alhamisi asubuhi, 12,500 jioni hiyo hiyo. Jumla 18,850, zote kwa nambari ya mtu binafsi, na zote zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia.

"Mama, hizi ulizotuma zilikuwa za nini?"

"Za mnada. Za kuuza sarafu ya baba mkwe."

Tumebadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asijulikane, lakini mpangilio ni huo. Mama huyu anauza mboga. Baba mkwe alipofariki aliacha kopo la Kimbo lenye sarafu za zamani, zile za tundu katikati ambazo wengi wetu tulizikuta kwa nyanya tukazivalisha uzi. Kijana wake akaona tangazo kwenye Facebook: TUNANUNUA SARAFU ZA ZAMANI. SENTI 10 YA 1936, SHILINGI 450,000. Wakamwaga kopo mezani, wakatafuta, wakaipata. Senti 10, mwaka 1936, na jina la mfalme limeandikwa wazi. Haikuwa feki. Sarafu ilikuwa ya kweli kabisa.

Wakapiga simu. Mtu wa upande ule alikuwa mpole, akamwita "mum", akamweleza kwamba sarafu itaingia mnada wa London wiki ijayo. Kwanza ajiandikishe: 1,550. Halafu cheti cha kuthibitisha kwamba sarafu ni halisi: 4,800. Halafu kibali cha kuitoa nchini: 12,500. "Mum, changamka, mnunuzi ameshakubali." Ijumaa ikaja SMS inayofanana na zetu: umepokea 450,000, lakini zimezuiliwa hadi ulipe ushuru wa 22,000. Hapo mama akakwama kwa sababu hakuwa na kitu tena. Ndipo akatupigia sisi. Hakutupigia kulalamika kwamba ameibiwa. Alitaka tumwachilie pesa zake.

Kumwambia mtu kama huyo ukweli si kazi rahisi. Lakini simu ilipokatwa tulibaki na swali letu wenyewe, na ndilo limetufanya tuandike haya.

Hapa hakuna PIN iliyoibwa

Kwa miaka mingi sisi wa pesa za simu tumekuwa na wimbo mmoja: usimpe mtu PIN yako. Ni wimbo mzuri, na tutaendelea kuuimba. Lakini wacha tuseme ukweli, haukumsaidia mama huyu hata kidogo. Hakumpa mtu PIN. Aliibonyeza mwenyewe, mara tatu, akiwa macho, kwa hiari yake. Simu ilimwonyesha jina la mpokeaji na akathibitisha. Kila kitu tulichomfundisha alikifanya.

Alichokosa si ujuzi wa simu. Hakujua mnada unafanya kazi vipi. Na angejulia wapi? Mnada ambao wengi wetu tunaujua hapa Kenya ni ule wa dalali kuja kubeba sofa kwa sababu ya deni, au ule wa ng'ombe siku ya soko. Mnada wa vitu vya kale, mahali watu wanapopandishana bei kwa sababu ya kiti, sarafu au picha, tunauona kwenye habari tu. Laghai anaingia kwenye hilo pengo. Anatufundisha yeye, na anatoza karo.

Kuna wanaosema waliotapeliwa hivi walikuwa na tamaa. Hatukubaliani nao. Mtu mwenye kitu halisi cha zamani, aliyesikia kwamba vitu vya zamani huuzwa ghali, hajafanya kosa lolote kwa kutaka kukiuza. Hilo si tamaa, hiyo ni biashara. Kosa liko kwenye mwelekeo wa pesa. Yeye ndiye muuzaji, halafu yeye ndiye anayelipa. Tungependa kila mteja wetu aishike sentensi hii kama anavyoshika PIN yake: mwenye kitu halipi ili auze.

Nyumba ya mnada hula wapi

Tueleze jinsi inavyokwenda kwa kawaida, kwa sababu ukiijua njia halali, ile ya uongo inajitokeza yenyewe.

Unapeleka kitu chako, au picha zake, kwa nyumba ya mnada. Wataalamu wao wanakitazama na kukukadiria bei. Wakiona hakiuziki, wanakurudishia na yanaishia hapo. Wakiona kinauzika, mnaandikiana mkataba: kamisheni yao ni asilimia ngapi, na bei ya chini ambayo hutaki kishuke chini yake ni gani. Kinachapishwa kwenye orodha ya mnada pamoja na picha, kila mtu akione. Siku ikifika, watu wanapandishana bei hadharani mpaka nyundo igonge.

Tufanye hesabu kwa mfano. Nyundo imegonga kwenye 100,000. Kama ada ya mnunuzi ni asilimia 20, mnunuzi analipa 120,000. Kama kamisheni ya muuzaji ni asilimia 10, wanakata 10,000 na wewe unapokea 90,000. Nyumba ya mnada imebaki na 30,000, na imezipata baada ya kuuza. Asilimia hizi hutofautiana, na zile nyumba kubwa za London na New York zimekuwa zikitoza mnunuzi hata zaidi ya asilimia 20. Gharama kama za picha au bima zikiwepo, huandikwa kwenye mkataba, na kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo.

Kwa hiyo nyumba ya mnada inayotaka kukupa cheti cha 4,800 kabla haijakiona kitu chako kwa macho ingekuwa inashangaza. Kama kweli wanaamini sarafu yako ina thamani ya 450,000, kamisheni yao ni makumi ya maelfu. Kwa nini wahangaike na 1,550 zako? Jibu ni moja: hizo 1,550 ndizo biashara yenyewe. Sarafu hawana haja nayo. Angalia hata yule mama, hakuna mtu aliyewahi kuja kuichukua.

Tuwe wakweli, kuna malipo ya mapema ambayo ni halali, lakini ni ya mnunuzi, si ya muuzaji. Ukitaka kununua gari au shamba kwenye mnada hapa nchini, unaweza kuombwa uweke amana, na usiposhinda urudishiwe. Amana hiyo hutajwa kwenye tangazo lenyewe, huenda kwenye akaunti ya kampuni, na unapewa risiti. Na dalali wa Kenya ni lazima awe na leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali chini ya sheria ya mwaka 1996. Mwombe leseni. Aliye nayo hatakasirika.

Mfalme mmoja, sarafu mbili

Sasa turudi kwa ile senti 10, kwa sababu ina hadithi yake, na laghai anaijua kuliko sisi.

Mwaka 1936 Edward VIII alikuwa mfalme wa Uingereza kwa muda usiofika mwaka. Aliingia Januari, Desemba akajiuzulu ili amwoe mwanamke aliyempenda. Sarafu za Uingereza zenye sura yake zilikuwa bado kwenye majaribio. Zilitengenezwa chache mno, na hazikufika mikononi mwa wananchi. Mwaka 2020 moja ya hizo, sarafu ya dhahabu, ilinunuliwa kwa pauni 1,000,000. Habari ilizunguka dunia nzima.

Huku kwetu mambo yalikwenda tofauti. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitoa senti 5 na senti 10 zenye tundu, na sarafu ya tundu haina pa kuweka uso wa mfalme. Ina taji na jina tu. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kungoja picha yake iwe tayari. Zikatengenezwa na jina lake, zikaletwa, zikatumika sokoni Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa kumi wala mia. Zilikuwa mamilioni.

Ndiyo maana sarafu ya London ni pauni milioni moja, na ya kwenye kopo la Kimbo, mara nyingi, ni bei ya dola chache. Jina la mfalme ni lile lile, mwaka uko karibu, na umri ni sawa. Kinachotofautisha ni idadi. Wakusanyaji wa sarafu huuliza maswali matatu: zilitengenezwa ngapi, hii iko katika hali gani, na ni watu wangapi wanaitafuta. Umri peke yake haujibu hata moja kati ya hayo.

Laghai hufanya nini? Anakutumia ile habari ya pauni milioni moja. Habari ni ya kweli. Sarafu yako ni ya kweli. Uongo uko katikati, pale anapoziunganisha. Na mtu aliyeshika kitu cha kweli mkononi huamini haraka kuliko mtu aliyeahidiwa hewa.

Ukitaka kujua bei, usiangalie bei ambayo mtu ameweka kwenye tangazo. Yeyote anaweza kuandika kwamba senti yake ni milioni. Tafuta bei ambazo sarafu kama hiyo imeshauzwa. Minada mingi ya mtandaoni huacha matokeo yake wazi, na kijana wako anaweza kukutafutia kwa dakika kumi. Halafu jambo moja dogo: usiisugue. Watu huchukua stilwuli na majivu wakiamini sarafu inayong'aa ina bei. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyosuguliwa imeharibika.

Si sarafu tu

Mchezo huu hubadilisha nguo. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani za zamani za Singer zina kitu kinachoitwa zebaki nyekundu, chenye thamani kubwa ajabu. Watu wakazitafuta kwa udi na uvumba, bei ikapaa hadi makumi ya maelfu ya riyali kwa mashine moja. Zebaki yenyewe haikuwepo. Uvumi wa aina hiyo umewahi kufika hapa pia, ukihusishwa na redio na televisheni za zamani. Kesho itakuwa pasi ya makaa, au noti ya zamani ya shilingi mia. Ukishaelewa mwelekeo wa pesa, haijalishi kitu ni kipi. Swali ni lile lile: nani anamlipa nani, na lini?

Kuna na upande wa pili, ambao hausemwi sana kwa sababu hapo hakuna anayekuomba pesa. Anakuja nazo. Anaingia kwa mzee kijijini, anaona kiti au kinyago pembeni, anasema, "Babu, hiki nakutumia elfu tatu sasa hivi." Simu inalia, pesa imeingia, kitu kimeondoka.

Waulizeni Wamijikenda. Vigango, ile miti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ukumbusho wa wazee waliofariki, viliibwa na kuuzwa miaka ya 1970 na 1980, vikaishia kwa wakusanyaji na makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver Museum of Nature & Science ilitangaza kwamba inarudisha vigango 30. Kurudi kwenyewe kulichukua miaka zaidi. Kwa familia ya mzee yule, kigango hakikuwa pambo. Kilikuwa yeye.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, ukiacha vitabu na hati. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hiyo kibali kweli kipo, lakini hakiuzwi kwa SMS na mtu unayemjua kwa jina moja. Ukiwa na kitu unachodhani ni cha zamani hivyo, anza kwa kuwauliza watu wa Makumbusho ya Taifa, iwe Nairobi, Fort Jesus kule Mombasa, Kisumu au Lamu. Hata kama huna nia ya kuuza, ni vizuri familia ijue inakaa na nini.

Hawa wawili, anayetaka umtumie na anayekutumia upesi, wanataka kitu kimoja kutoka kwako: haraka. Mnada halali ni mambo ya wiki na miezi, tena hadharani. Anayekuambia uamue kabla ya saa kumi, na usimwambie mtu, ameshajieleza.

Tunachokuomba, na tunachojidai sisi wenyewe

Kwako mteja, haya ndiyo ya kushika:

- Ukiombwa ulipe ili uuze, simama. Usijiulize kama ni kidogo au ni kingi. Ile 1,550 iliwekwa iwe ndogo makusudi.
- Soma jina linalokuja kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kama unalipa nyumba ya mnada ya London na jina ni la mtu binafsi, usibonyeze.
- Usiamini SMS ya pesa. Angalia salio lako. Na kumbuka, tangu Agosti 2023 muamala mmoja wa simu hauzidi shilingi 250,000. SMS ya "umepokea 450,000" kwa mkupuo mmoja ni ya uongo hata kabla hujamaliza kuisoma.
- Hakuna pesa yako tutakayoishikilia hadi utume pesa nyingine. Hakuna ushuru unaolipwa kwa nambari ya mtu.
- Ukishatuma na ukashtuka, tupigie hapo hapo, si kesho. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji tunaweza kuizuia tukichunguza. Ikishatolewa kwa wakala, hatuna cha kuvuta. Halafu nenda polisi, andikisha taarifa, pata nambari ya OB, na usifute zile SMS.

Na kwetu sisi. Kila muamala wa mama yule ulitulipa ada, na hilo hatuwezi kulipita kimya. Nambari iliyopokea pesa kutoka kwa watu wasiojuana, viwango vile vile, na kutoa kwa wakala dakika hiyo hiyo, inaacha alama ambazo sisi ndio tunaoziona. Mteja hawezi kuziona. Kwa hiyo hatuwezi kumwachia mteja kazi yote halafu tuseme alitakiwa kuwa mwangalifu. Kumfundisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzifunga nambari hizo mapema, na kwa hilo mna haki ya kutuuliza.

Mama yule hakurudishiwa 18,850 zake. Tungependa kuandika kwamba alirudishiwa, lakini si kweli. Karo aliilipa kwa kukopa kwenye chama chake, na huko kwenye chama akasimulia yote bila kuficha. Wanawake wawili wakasema na wao walikuwa na ile nambari kwenye simu zao. Mmoja alikuwa ameshaandikiwa alipe 1,550 kesho yake.

Sarafu bado anayo. Mhudumu wetu alipomweleza bei yake halisi alicheka kidogo, akasema basi itarudi kwenye kopo, wajukuu waione. Kama na wewe una mzazi mwenye kopo kama hilo, mpigie leo. Usimtumie makala hii tu, mweleze kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani: akitaka kuuza auze, lakini anayenunua ndiye anayelipa.